Vinyonga niliowaweka kando ya mafiga

Jamani, leo nimeua kwa huruma.

Mnakumbuka yale mayai niliyofukua nikipalilia karanga? Walitoka vinyonga tisa, wembamba kama njiti za kiberiti.

Nikawaweka kikapuni kando ya mafiga, mbali na upepo, kama nilivyowekwa ndani mimi na mwanangu nilipojifungua. Nikajua ndiyo malezi.

Leo asubuhi wamebaki wanne. Macho yameingia ndani, ngozi imekunjamana.

Mama mkwe akachungulia. Yeye anamwogopa kinyonga kuliko nyoka, nikajua atapiga kelele.

Akasema, "We mwanangu, unalea au unakausha samaki? Hawa wanakunywa umande. Watoe nje!"

Akanyunyizia maji majani ya mpera, yeye mwenyewe.

Tukawaweka tawini. Wawili wakadondoka, hawakuinuka. Wa tatu nilimdaka. Akageuka mweusi kiganjani mwangu, akafa.

Wa nne akalamba tone moja.

Moja tu, lakini nimeliona!

"Usimrudishe ndani," mama akasema, "hata ukimwonea huruma."

Mwenye kujua anakula nini aniambie leo hii. Nipo hapa chini ya mpera, nafukuza kuku.