Nilivyoficha siri ya mashine ya sakafu, nikamharibia dada wa sumaku

Wakuu, habari za majukumu. Hii ilinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

2015 nilikuwa nafanya cleaning kwenye jengo la maabara hapa Minneapolis, naishi mtaa wa Cedar. Nina form four ya kawaida tu, lakini moyoni nilishakuwa scientist.

Humo kulikuwa na Nyambura, dada wa Kenya, anafanya PhD ya sumaku. Jioni nikimwaga taka zake ananifundisha.

Kuna madini, alisema, chembe zake za sumaku zimekaa pembetatu. Kila moja inataka kuelekea kinyume na jirani yake, sasa ya tatu inabaki haijui impinge nani. Ukiyasumbua kwa sumaku ya nje halafu ukayaacha, hayatulii fasta kama chuma cha kawaida. Yanachukua siku.

(Niliipenda hiyo. Nina ndugu zangu wako hivyo.)

Madini yake yalikuwa yanatulia kwa kuruka. Graph kwenye kompyuta yake inashuka polepole, ghafla inaruka, halafu inaendelea kushuka.

"Boss, kuja uone, imeruka tena," ananiita.

Alisema hajasoma popote kitu kama hicho. Hata supervisor wake akaanza kumwita kwenye meetings.

Siku moja nikasoma siku na saa chini ya ile graph. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Saa kumi na moja jioni.

Ndiyo ratiba yangu ya kupitisha mashine ya kusugua sakafu, nyuma ya ukuta wake. Ina mota kubwa, na mota ikizunguka inatoa sumaku yake.

Nikanyamaza wiki tatu. Anafurahi, nimharibie vipi?

Siku moja kabla haja-present mbele ya maprofesa, nikashindwa, nikamwambia. Hakubisha.

"Washa hiyo mashine."

Nikawasha. Graph ikaruka.

Akakaa chini. "Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu, dada. Nilikuona una furaha."

"Nani alikutuma unichungie furaha?"

Ndani ya hizo wiki tatu, supervisor alishawatangazia wenzake huo ugunduzi. Nyambura alienda kujikana mbele yao peke yake. Utafiti akapewa mwanafunzi mwingine. Nyambura akahama chuo, hakuniaga.

Ningesema siku ile ile, angepoteza jioni moja.

Na haikuwa huruma tupu, wakuu. Nilipenda kuitwa nione. Nilijua nikisema, siitwi tena.

Mliowahi kumficha mtu ukweli kwa kumpenda, kwenu iliishaje? Msinipe pole, semeni tu.