Shimo la Molasi

Walisema sitaweza, mwanangu. Mtoto wa mkata miwa wa Shianda, walisema, atarudishwa kutoka Nairobi kabla viatu vyake havijachakaa. Nikaenda. Nikavaa kofia ya zimamoto, nikaingia kikosi cha kemikali na gesi, kile kinachotumwa mahali ambapo watu wengine wanapakimbia. Diploma yangu hiyo hapo ukutani, unaiona. Hakuna aliyenibeba. Sisemi kwamba sijivuni, najivuna. Lakini nakueleza haya ili ujue kwamba siku ile nilijua ninachokifanya.

Kujua huko nilikupata Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Nairobi, nikiwa kijana mwenye haraka. Bomba la amonia lilikuwa limepasuka kwenye ghala la barafu, na mtu alikuwa akilia ndani. Nikakimbilia mlangoni bila barakoa. Mkubwa wetu, Mkamba mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alinishika ukosi akaniangusha matopeni mbele ya wenzangu.

"Umekuja kuokoa ama kutuongezea maiti?"

Kisha akajifunga mtungi wake wa hewa taratibu, kama mtu anayevaa koti la kwenda kanisani, akaingia, akatoka na yule mtu akiwa hai. Sikuhitaji kuambiwa tena.

Niliporudi nyumbani, sukari ilikuwa sukari kweli. Matrekta ya miwa yalijaa barabarani, na kila mtu alikuwa akijenga kitu. Jirani yetu, Mzee Okwaro, alichimba shimo refu nyuma ya nyumba, akalisakafia kwa simiti, akaliezeka mabati, akalijaza molasi, ile shira nyeusi inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa, ili awauzie wafugaji wa Chekalini. Mvua ikapenya, molasi ikaanza kuchachuka na kutoa povu. Nilimwambia shimo hilo linatoa gesi, na gesi yenyewe haionekani; ni nzito, inalala chini ikimngoja mtu. Nikamwomba ateremshe taa kwa kamba kabla mtu hajaingia, na taa ikizimika, mtu asiingie.

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe umezoea mambo ya petroli huko Nairobi. Hii ni sukari. Sukari imeua nani hapa?"

Wanawe wakanipa jina, Bwana Gesi. Nikipita sokoni, vijana walikuwa wanaziba pua.

Halafu molasi ikapungua, ikabaki ile ya chini kabisa. Mchana mmoja Shiundu, mwana wa kwanza, akashuka kwa ngazi na ndoo. Ndoo haikupanda. Mdogo wake Were akachungulia, akamwona amelala, akashuka kumwinua, akamwangukia juu. Nilisikia mayowe nikaja mbio. Nilimkuta Makokha, kitinda mimba, ameshatia mguu kwenye ngazi, na mama yao amesimama nyuma yake akimhimiza.

"Shuka, Makokha. Utawaachaje ndugu zako?"

Na huko kwetu ndivyo tulivyolelewa, mwanangu. Ndugu yako akiwa ndani, unaingia. Anayesimama kufikiri si mtu. Nilimvuta Makokha kwa nguvu tukaanguka pamoja. Aliniuma mkono mpaka mfupa, kovu ndilo hili. Nikamkalia kifuani. Kutoka hapo chini niliwapigia watu kelele waezue mabati, walete taa na kamba. Taa iliteremshwa ikazimika hata kabla ya kufika nusu. Hapo hakuna aliyeniita Bwana Gesi. Tuliwatoa kwa kamba na ndoano za kupakilia miwa. Niliwabonyeza vifua, mmoja baada ya mwingine, mpaka jasho langu likawadondokea. Hawakurudi.

Mama yao alinitazama akasema polepole, "Umemkalia mtoto wangu mmoja wakati wengine wanakufa."

Kwenye mazishi nilipoinama kuchukua udongo, Mzee Okwaro alinishika mkono akaniambia udongo wangu hautakiwi. Hakunisalimia tena mpaka naye akazikwa. Watu walisema mwenye diploma aliogopa shimo.

Kiwanda kilikuwa kimeshanyamaza Makokha alipokuja hapa, mvi kichwani, akakaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Alikunywa chai yote, akaweka kikombe chini, akasema.

"Ungeniacha."

"Ungekufa."

"Najua. Mama alinitazama mpaka akafa kana kwamba mimi ndiye niliyebaki kwa makosa."

Aliomba kuliona kovu. Nikakunja mkono wa shati, akaliangalia sana, akainuka akaenda zake. Jioni niliwaona wanawe wakipita na madaftari yao, wanacheka. Hawajui lolote. Hawajawahi kunisalimia.

Sasa sikia, mwanangu. Ukikuta mtu ameanguka, simama kwanza ujiulize nini kimemwangusha, maana hicho kitu bado kipo pale. Aliyeingia huenda humpati tena. Lakini anayekuja nyuma yako anakimbia, analia, mama yake anamsukuma. Huyo unaweza kumshika. Mshike. Akuume, akutukane, usimwachilie. Wala usikae ukingoja asante, nimeingoja mimi mpaka nimezeeka.

Mungu akupe mikono yenye nguvu. Na kama ni lazima uchukiwe, basi akujalie uchukiwe na mtu aliye hai.