Balozi kafukuzwa, mama akaenda kumchukua kwake

Wakuu, poleni na majukumu. Leo ndo nimeshusha pumzi, acha niwape hiki kisa kama kilivyo, sina cha kuongeza.

Mie nakaa Goba na bi mkubwa. Mdogo wangu Zawadi yuko nje, anamalizia nursing. Scholarship kapewa na nchi moja, chuo kiko nchi nyingine. Tuziite A na B, sitaki kesi.

Hizo nchi ni maswahiba wa kufa na kuzikana. Sasa A wana vita yao, B wakagoma kuwaunga mkono. Wakaanza kununiana kama wake wenza.

Sie huku roho juu. Dogo akirudishwa sasa hivi, na mitihani ya mwisho ndo hiyo, miaka yote imeliwa.

Juzi asubuhi ikaingia meseji ya Zawadi kwa mama, na mie akanirushia: "Balozi kafukuzwa. Tuombeeni."

Tukipiga, hapatikani.

Mie nikiwa kazini Ubungo nikacheki mtandaoni. Kweli, B wamemtimua balozi wa A. Nikamwomba boss, akaniruhusu niondoke.

Mama yeye kaelewa lake. Balozi anayemjua ni mmoja tu, Mzee Nandonde, balozi wetu wa nyumba kumi, mchonga vinyago. Ndiye aliyemtambulisha Zawadi serikali za mtaa alipokuwa anatafuta passport. Mama akaona mzee kavuliwa cheo, basi dhamana ya mwanae imekufa.

Nafika home namkuta mzee sebuleni, kanzu imepigwa pasi, vumbi la mpingo bado kwenye nywele. Nikampa shikamoo, nikauliza kulikoni. Akasema hata yeye hajui, kaambiwa avae vizuri aje athibitishe kwamba bado yupo madarakani.

Simu ikaita, Zawadi. Mama akampa mzee.

"Mwanangu, mie balozi wako nipo, sijafukuzwa. Waambie hao walimu."

Dogo akacheka hadi akalia. Akatuambia chuo kimewaita wote: ugomvi ni wa wakubwa, wanafunzi wanabaki, mitihani ipo palepale, na A watalipa mpaka amalize.

Wakuu, nililia mbele ya wazee bila aibu.

Nikamfafanulia mama kwamba kuna mabalozi wa aina nyingine. Akanisikiliza, akamgeukia mzee: "Basi na huyo mwenzio maskini, mwandikie barua."

Nilichojifunza: mataifa yakigombana, mwenye mtoto kule hana upande, anataka mwanae tu. Na nyie mlio nje, mkituma meseji nyumbani malizieni sentensi.

Nani mwingine ana ndugu kakwama katikati ya ugomvi wa wakubwa? Leteni hapa, tupeane moyo.