Shimo Lililoacha Kuchemka

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, shimo la maji lililokuwa nyuma ya kiwanda chetu liliacha kuchemka. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika mwenyewe. Nilikuwa ndani, mkono mmoja juu ya gurudumu la vali, daftari kwapani, na kwenye mstari wa kwanza nikaandika kwamba mvuke wa injini sasa unaingia kwenye turbini. Shimo sikuliona. Lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na kando yake alikuwa ameketi shangazi yangu na madebe yake matatu ya rangi.

Kiwanda kilikuwa mtaa wa Gerezani, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka nyumba ya Kariakoo ambamo shangazi alipanga chumba. Kilikamua mbata na mbegu za pamba, na katika banda la pili kilipika sabuni. Boila ilikuwa moja, na ililisha mitambo miwili. Wa kwanza ni injini kubwa ya pistoni, iliyozungusha mashine za kukamua kwa mikanda. Wa pili ni turbini ndogo kuukuu iliyozungusha jenereta. Turbini ilitumia mvuke mbichi, ule wa presha kubwa utokao moja kwa moja kwenye boila. Injini nayo, ikishamaliza kazi na mvuke wake, iliutema nje ukiwa bado wa moto lakini umechoka. Waliojenga kiwanda waliuelekeza mvuke huo mchovu kwenye shimo la saruji lililojaa maji, uchochoroni, ili usipige kelele. Kwa hiyo maji ya shimo yalichemka tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeyahitaji ila wanawake wa mikeka.

Shangazi alikuwa mmoja wao. Alinichukua kutoka Rufiji nikiwa na miaka saba, baba yangu, kaka yake, alipofariki, akanisomesha hadi darasa la nane kwa mikeka. Ukindu ulimfikia kwa lori, mabunda makavu. Aliupasua kwa kisu, akauanika uwe mweupe, akautia rangi kwenye maji yanayochemka, kisha akasuka ukili na kuushona. Kazi yote hiyo aliiweza ila moja: kuchemsha rangi. Alikuwa na pumu. Moshi wa muda wa saa mbili ulimlaza siku tatu, na mara moja ulimfikisha hospitali. Nilipoajiriwa kiwandani mimi ndiye niliyemwonyesha shimo. Maji yake yalikuwa na utando wa mafuta ya injini, ukindu ungechafuka, lakini yeye aliona njia papo hapo: alitia maji safi na rangi ndani ya debe, akaliketisha debe shimoni hadi shingoni. Debe lilichemka bila kijiti cha kuni. Kwa miaka minne hakulazwa hata siku moja.

Mimi nilikuwa fundi wa kufunga na kufungua nati, sina cheti. Nilichojua kuhusu mvuke nilikipata kwenye kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vyuma chakavu jirani na soko. Nilikisoma kurasa tatu kwa wiki, kamusi pembeni. Katika sura ya kumi na moja palikuwa na mchoro wa turbini yenye midomo miwili: mmoja mbele kwa mvuke wa presha kubwa, mwingine katikati kwa mvuke wa presha ndogo. Nilipouona mchoro ule nilihisi nimewahi kuona kitu hicho. Kesho yake niliingia na tochi chini ya turbini yetu.

"Mndengereko," alisema mwangalizi wa boila, aliyenikuta nimelala chali sakafuni. "Mkeka umeusahau nyumbani?"

Yeye alikuwa Mnyamwezi. Sisi watu wa Pwani na wao ni watani, na katika miaka tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki tuliwahi kusalimiana bila matusi.

"Nyamaza, mpagazi. Njoo unishikie tochi."

"Mpagazi hulipwa kwanza. Unatafuta nini humo?"

"Mdomo."

"Wa kwako haukutoshi?"

Ulikuwapo. Katikati ya tumbo la turbini, mdomo mpana uliozibwa kwa bamba la chuma na nati kumi na mbili, umepakwa rangi juu yake hadi ukafanana na kila kitu kingine. Mashine ile ilizaliwa kula presha mbili, na tangu iletwe hapa ilikuwa inalishwa moja tu.

Ilinichukua miezi minane kuchora. Kufungua bamba na kuunga bomba lilikuwa jambo dogo. Kwanza ilibidi mvuke mchovu uchujwe mafuta ya pistoni, usije ukapaka mapanga ya turbini utando. Pili, ilitakiwa vali ya kuruhusu upande mmoja tu, ili mvuke wa turbini usirudi nyuma na kuikaba injini. Jambo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi: mtambo ukipandisha mwendo kupita kiasi, lazima njia zote mbili zifungwe kwa pigo moja. Ukifunga ile ya presha kubwa ukaisahau ile ndogo, mvuke mchovu, dhaifu hivyo hivyo, unaweza kuizungusha turbini isiyo na mzigo hadi ipasuke. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na kosa hilo. Niliuchana. Mwisho nilipata wenzo mmoja wenye vali mbili: mwendo ukipungua, hufungua kwanza presha ndogo hadi mwisho, na ikiwa haitoshi ndipo hufungua ile kubwa, kidogo kidogo.

Mafuta mazito ya boila yalikuwa adimu wakati ule. Kuna wiki lori la mafuta lilichelewa na sabuni ikalala kwenye masufuria nusu imeiva. Kwa hiyo meneja alinisikiliza. Alimwita mhandisi kutoka makao makuu, mhandisi akakagua michoro yangu siku nzima, akatia sahihi. Tukapewa siku ishirini na sita za kazi za majaribio. Kila asubuhi nipime tangi la mafuta kwa kijiti, niandike, na mwishoni nitoe ripoti moja. Mhandisi alinionya: katika siku hizo nisiguse mpangilio wowote, maana namba zikichezewa hakuna atakayeziamini.

Jumamosi ya kabla ya kuanza nilikwenda kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa. Sogeza hilo bunda."

Chumba kilijaa ukindu. Ramadhani ilikuwa miezi miwili mbele, na watu hununua mikeka mipya ya futari. Alikuwa amepokea oda ya mikeka kumi na mmoja kutoka kwa mfanyabiashara wa sokoni, na malipo ya nusu alikwisha kuyatia kwenye ukindu. Nilimweleza nilichofanya. Alitaka kujua inavyofanya kazi, kwa hiyo nikatafuta mfano.

"Ni kama nyumba yenye kiporo," nikasema. "Asubuhi unakula kiporo kwanza. Ukikuta hakijatosha, ndipo unapika."

Aliendelea kupasua ukindu.

"Na shimo letu ndilo lilikuwa linapewa hicho kiporo."

"Ndiyo. Lakini kitabaki. Nimepiga hesabu, robo itabaki. Nimeacha njia ya ziada kwenda shimoni. Litachemka polepole, basi."

"Robo inatosha," alisema. "Mimi sina haraka. Umekula?"

Robo hiyo niliipata hivi. Niliuchukua mvuke unaotemwa na injini ikiendesha mashine tatu za kukamua, nikatoa kile ambacho mdomo wa kati wa turbini unaweza kumeza. Mashine tatu ndizo zilizoandikwa kwenye mpango wa uzalishaji wa mwaka, uliobandikwa ukutani ofisini kwa wino mwekundu. Lakini mbata haikuwa ikifika, wala mbegu za pamba, na mashine iliyokuwa inafanya kazi kweli ni moja. Zile mbili nyingine nilizipita kila siku zimesimama, mtu ametundika shati lake kwenye mkono wa mojawapo. Sikuona kosa. Wote tulikuwa na tabia hiyo miaka ile: kilichoandikwa kwenye mpango tulikihesabu kama kilichokwisha kuwapo.

Injini yenye mzigo wa mashine moja ilitema mvuke kidogo. Turbini iliumeza wote, ikaomba mwingine.

Jumatatu hiyo, nilipotoka saa sita mchana kwenda uchochoroni, shangazi alikuwa bado ameketi pale pale. Majirani zake wawili walikwisha kuondoka. Maji yalikuwa vuguvugu. Ukindu ndani ya debe ulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, wakati ulitakiwa uwe mwekundu.

"Mambo ya robo vipi, baba?" aliuliza, na alitabasamu.

Nilimweleza kosa langu lote, na mashine mbili zilizosimama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huwezi kulifungulia kidogo?"

Ningeweza. Palikuwa na vali ya mkono kwenye njia ya shimo. Mzunguko mmoja na nusu ungetosha madebe matatu. Lakini mvuke huo ungefidiwa na boila, mafuta yangepanda kwenye kijiti, na mimi ningelazimika ama kuandika sababu au kuificha.

"Vumilia mwezi mmoja, shangazi. Majaribio yakiisha nafungua mwenyewe. Nikifungua sasa namba zitaharibika."

"Haya," alisema. "Namba zisiharibike."

Hakusema kwa kejeli. Nimeipima sauti yake mara nyingi tangu siku ile, na sikuikuta kejeli. Alikuwa mtu wa kazi ya mikono, na alijua mshono ukikosewa mwanzoni mkeka wote unapinda.

Nilimpelekea mafuta ya taa lita mbili, niliyoyapangia foleni tangu alfajiri. Hayakufika siku ya tatu. Mkaa wiki hizo ulikuwa haushikiki. Akawasha makumbi na vifuu uani, kama zamani, amejifunga upande wa kanga puani na mdomoni. Siku ya kumi na moja nilimkuta anasuka huku amekaa wima dhidi ya ukuta, mabega yakipanda na kushuka kila alipovuta pumzi.

"Pumzika," nikamwambia. "Mimi nitaongea na mwenye oda."

"Uongee naye nini? Ukindu wake nimeshautia rangi nusu. Nyekundu ya leo na nyekundu ya mwezi ujao hazifanani." Alivuta pumzi. "Siku ngapi zimebaki?"

"Kumi na tano."

"Si nyingi."

Mwangalizi wa boila aliona mambo yanakoelekea kabla yangu. Siku ya kumi na nne alinikuta nikipima tangi.

"Mndengereko, ile vali ya shimo. Mimi ni mjinga wa bara, naweza kuigusa kwa bahati mbaya."

"Usiiguse."

"Mara moja tu. Kiwiko kimeteleza."

"Nitajua. Itaonekana kwenye kijiti."

Aliniangalia, hakunitukana. Ndiyo mara pekee ninayoikumbuka.

Siku ya ishirini na sita, saa tisa na nusu alasiri, niliandika kipimo cha mwisho na kupiga mstari chini yake. Kisha nikaifungua vali, mzunguko mmoja na nusu, nikazunguka ukuta kwenda uchochoroni. Maji yalianza kutoa mapovu pembeni, halafu katikati. Nilisimama hapo hadi yakachemka sawasawa. Hapakuwa na mtu. Nilikwenda Kariakoo kwa miguu kumwambia, nikakuta mlango wake umeegeshwa na jirani amekaa naye akimpepea. Mikeka tisa ilikuwa imeviringishwa kwenye kona. Nilimwambia shimo linachemka. Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Tulimpeleka hospitali jioni ile, na siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, alifariki.

Maiti ilirudishwa nyumbani ikaoshwa. Ripoti yangu niliikamilisha usiku ule wa kwanza wa hospitali, nikiwa kwenye benchi, na siku ya maziko ilikuwa bado mfukoni mwangu, sijaipeleka kwa meneja. Tulipoinua jeneza kutoka uani, tukamkuta mwangalizi wa boila ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, miguu ameinyoosha, ukili wa shangazi ambao haukushonwa amejifunga kiunoni kama mkanda. Huo ni wajibu wa mtani kwenye msiba. Anazuia njia, anamwiga marehemu, anasema yale ambayo ndugu hawawezi kusema, na hakuna wa kumkasirikia.

"Hapapitiki," alisema. "Bibi huyu anadai maji ya moto."

Watu walicheka, hata wanawake waliokuwa wanalia ndani. Alijikohoza kama alivyokohoa shangazi, akasuka hewani kwa vidole, wakacheka tena.

"Mla kiporo yuko wapi? Aje."

Mfano wa kiporo alikuwa ameusikia kwangu kiwandani. Nilimwachia mwingine upande wangu wa jeneza, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Mwezi mzima umekula kiporo cha marehemu," alisema, sasa kwa sauti ya chini kidogo, macho yake yamelowa. "Tuambie basi. Kiwanda kimeokoa kiasi gani?"

Nilijua inavyotakiwa. Unamtukana mtani, unamtaja kwa mizigo ya babu yake, unamtia sarafu mkononi, anapisha. Watu walikuwa wanangoja tusi langu. Nililitafuta na sikulipata. Nikatoa karatasi mfukoni, ingawa sikuwa na haja ya kuisoma, nikamjibu kama nilivyoandika: shilingi elfu tisa mia tatu na kumi na mbili, na senti arobaini.