Hatua Zangu Sabini

Mimi ni mtu wa ndani. Nyumbani kwetu Masuguru, Korogwe, safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi jikoni, na hata hiyo huipumzikia sebuleni. Ndiyo maana nilishtuka mama aliponiambia twende Handeni, nikaligawe nusu kwa nusu shamba ambalo bibi aliwaachia yeye na mdogo wake.

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe ndiye uliyesoma fizikia?"

Nilisoma, ndiyo. Kidato cha kwanza mwalimu alitukaririsha kwamba namba bila kizio, kama mita au kilo, ni kelele. Nilikariri kwa sauti kuliko wote; kuelewa niliwaachia wengine.

Kwetu shamba hupimwa kwa hatua. Sabini kwa sabini ndiyo ekari, na hakuna anayeuliza miguu ni ya nani. Nikaanzia upande wa mama, kwenye uzio wa minyaa, asubuhi, tumbo limejaa chai na mihogo, nikitanua miguu kama bwana shamba. Hadi njia ya ng'ombe, upande wa mama mdogo, nikapata hatua mia na arobaini. Hesabu rahisi! Nikakaa kupumzika kidogo, na kidogo hicho kikafika saa sita mchana. Kisha nikageuka, nikahesabu sabini za kurudi, nikachomeka kijiti. Jua lilikuwa linachoma, na ndala yangu moja imekatika.

Mama mdogo akakitazama kijiti, akatazama minyaa, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hapa ndipo katikati?"

"Ndiyo, mama. Sabini."

"Na kutoka hapa mpaka kwa mama yako?"

"Sabini pia. Mia na arobaini, toa..."

"Sikukuuliza toa. Tembea."

Nikatembea. Sabini ikapita na minyaa bado iko mbele. Nikafika kwenye themanini na mbili.

"Dada, mlipanga?" mama mdogo akamwuliza mama, na hakuwa anatania.

Hawa ni watu waliokula sahani moja tangu utoto. Sasa mmoja anamwona mwenzake mwizi, kwa sababu ya miguu yangu.

"Wallahi, mama, nilichoka tu. Hatua zikafupika."

"Ukachoka ulipofika kwangu?"

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo, lakini si jibu la kumpa mtu aliyeshika panga. Kwa bahati panga lile alikwenda kulikatia mti, mwembamba, ulionyooka, kimo chake mwenyewe. Mama mdogo hakufika darasa la tano.

"Huu hauna njaa wala ndala. Laza."

Nikalaza, nikainua, nikalaza, kwa magoti, kutoka minyaa hadi njia ya ng'ombe, halafu nusu ya idadi hiyo kurudi. Wao wakanifuata nyuma, kila mmoja akihesabu kwa sauti yake, maana hakuna aliyemwamini mwenzake. Kufikia ishirini walikuwa wanahesabu pamoja. Kufikia thelathini walikuwa wanakicheka kiuno changu.

Kijiti kikahamia upande wetu, hatua kama sita hivi, kulingana na uchovu wa anayetembea.

"Kipande alichotaka kukudhulumu," mama akamwambia mdogo wake, "atakulimia yeye."

"Hicho tu, dada? Na kilichobaki nani atalima?"

"Mchukue mpaka mavuno."

Wakashikana mikono pale pale. Shamba likawa limegawanyika sawa kwa sawa. Mimi nikaenda mzima mzima kwa mama mdogo.