Gapi Aliyezaa Bila Dume

Kuna asubuhi moja naikumbuka vizuri, mwanangu, miaka ile ya tisini, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni karibu na mji wa Embu. Niliingia maabara nikakuta samaki wangu amezaa.

Alikuwa gapi, samaki mdogo asiyefika urefu wa kidole. Tulimtoa kwenye tangi la maji la shule, ambako gapi waliwekwa ili kula viluwiluwi vya mbu. Gapi hatagi mayai. Huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Mwalimu Njeru wa bayolojia alinipa jike mmoja nimtunze kwenye mtungi wa kioo, tumpeleke mashindano ya sayansi. Alipozaa mara ya kwanza tuliwatoa watoto wote, maana mama huwala. Sasa, mwezi mmoja baadaye, akiwa peke yake, vitoto vingine vilikuwa vimejificha kwenye majani ya maji.

"Igoki, umetia dume humu," Mwalimu akasema.

"Sijatia, Mwalimu."

"Basi amezalishwa na nani?" Darasa likacheka. Akasema nimedanganya, akaniondoa kwenye mashindano, akataka nilete mzazi.

Baba alishuka kutoka kwetu Manyatta akiwa bado amevaa gambuti za shambani. Nilimlilia pale getini. Hakunibembeleza.

"Una hakika hukumtilia dume?"

"Nina hakika, Baba."

"Basi panguza machozi. Usiombe kuhurumiwa. Mwambie mwalimu amtunze huyo samaki yeye mwenyewe."

Nilimwambia Mwalimu hivyo, kwa sauti imara. Akakubali. Akamhamishia gapi kwenye mtungi safi, akamfungia nyumbani kwake.

Kabla ya shule kufungwa aliubeba mtungi mpaka darasani kwa mikono miwili. Vitoto vipya vilikuwa vinaogelea ndani.

"Nilimkosea Igoki," akasema mbele ya wote. Ndipo tukasoma pamoja kitabuni kwamba gapi jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, akazaa tena na tena baada ya kukutana naye mara moja. Mashindano nilienda mimi, kifua mbele.

Mwanangu, siku moja utasema kweli na wakubwa wako watakucheka. Usipige kelele, wala usikubali uongo ili wakuache. Waambie waje waangalie. Nawe ukiwa mkubwa, ukimlaumu mtu bure, mtake radhi mbele ya walewale waliokusikia. Mungu akupe macho ya kuona sawasawa, na akuzungushie watu wa kukusikiliza.