Kabla Ng'ombe Hawajaingia Zizini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nami siwezi kuisahau mpaka leo. Ni siku ng'ombe wa mahari yangu walipofika kwetu, huku Usukumani upande wa Mhunze, enzi za Mwingereza, dhahabu ya Geita ilipoanza kuwavuta vijana.

Mchumba wangu aliitwa Masanja, kijana mpole, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka machimboni. Nami nilikuwa na dada, Nkwimba. Mumewe alikwenda huko huko Geita mara baada ya harusi, akasema atarudi wakati wa mavuno. Mavuno yakaja, yakapita. Dada akabaki si mke wala si mjane, analea mtoto asiyemjua baba. Nililala naye nyumba moja. Kilio chake nakijua.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenifunda. Asubuhi ile nilimweleza hofu yangu, kwamba nami nitaachwa kama dada, nikidhani atanikemea. Aliendelea kukata viazi vya kuanika michembe, kisha akasema, "Muulize. Leo ng'ombe wako nje, swali ni lako. Wakishaingia zizini, litakuwa la wazee."

Basi baba na wageni wakiwa wanawakagua ng'ombe mlangoni mwa boma, nilitoka nikapiga goti mbele yao. Binti hakutakiwa kuonekana pale. Nikamwamkia baba yake Masanja, kisha nikamgeukia Masanja mwenyewe.

"Ukishanioa, utarudi Geita?"

Baba yangu akaninyanyulia fimbo. Mjomba wa Masanja akasema hawakuja kuhojiwa na mtoto, akawaamuru wachungaji wawageuze ng'ombe. Yule wa mbele akaanza kugeuka kweli. Shangazi alikuja akasimama kati yangu na fimbo. Niliogopa, mwanangu. Wakiondoka, nani tena angenioa? Na yule kijana nilikuwa nampenda.

Masanja alikuwa akitazama ardhi. Hatimaye akamwomba mjomba wake asubiri.

"Nitarudi," alisema. "Nimeshawaahidi wenzangu. Sikusema kwa sababu naogopa. Mwaka ule wa njaa nilimwona mdogo wangu akifa. Mvua ikikosa tena, nitakulisha nini?"

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hayo, hata baba yake. Mzee wa watu aliketi chini palepale, akajishika kichwa.

Nikamwambia Masanja, "Basi twende wote."

Wazee walibishana mpaka jua likaanza kushuka. Baba alisema machimbo si mahali pa mke wa mtu, wala hakusema uongo. Baadaye niliyaona kwa macho yangu. Mwishowe alikubali ng'ombe waingie zizini, kwa sharti kwamba tulime kwanza msimu mmoja nyumbani, tuondoke na chakula chetu wenyewe. Ndivyo tulivyofanya. Huko Geita yeye alichimba, mimi nikawapikia wachimbaji ugali. Tuligombana, tuliugua, mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwenye kibanda cha nyasi. Tulipopata cha kununulia ng'ombe wa kuanzia, tulirudi pamoja. Mume wa Nkwimba hakurudi kamwe.

Mwanangu, nawaona wewe na mchumba wako mmeshughulika na nguo na ngoma na wapishi. Si vibaya, furaha nayo ina haki yake. Lakini je, unajua anachokiogopa? Naye anakijua chako? Mficha uchi hazai. Ulizaneni sasa, hata kama swali litaitikisa harusi yenyewe, maana harusi ikivunjika watu husema mwezi mmoja wakachoka, bali nyumba ikivunjika hulia watoto. Ukiulizwa, sema kweli. Na mwenzio akikwambia kweli yake, usimwachie aibebe peke yake. Hapo ndipo ndoa inapoanzia, hata kabla ng'ombe hawajahesabiwa.

Haya, nenda mwanangu. Mvua iwakute mmeshalima, njaa iwakute mna akiba, na hofu, maana itakuja tu, Mungu ajalie iwakute mko wawili.